Jiwe moja, majibu sita: kosa liko wapi kwenye kupima densiti darasani?

Swali: "Nafundisha sayansi darasa la sita, wanafunzi hamsini na kitu. Juzi nilifanya nao vitendo vya kupima densiti ya jiwe. Mizani ni ile ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na nina silinda ya kupimia ya plastiki ya mililita 100 yenye mistari kila mililita 2. Jiwe ni lile lile moja, linazunguka kundi kwa kundi, na makundi yote sita yalikubaliana kwamba lina gramu 24. Sasa njoo kwenye majibu: 2.2, 2.4, 2.7, 3, 3.4 na kundi moja likaniletea 0.4! Darasa likaanza kubishana, mmoja akasema jiwe likishaloa linabadilika. Halafu wakanimaliza kabisa, mmoja akauliza mbona bonge la plastisini linazama lakini ukilifinyanga kama mtumbwi linaelea, si densiti imebadilika hapo? Mwingine akauliza mbona mafuta ni mazito kuliko maji lakini yanakaa juu. Nikajibu juu juu tu kengele ikaniokoa. Je, mizani yangu ni mbovu au mimi ndo nafundisha vibaya? Nafikiria niache vitendo niandike fomula ubaoni wakariri, maana hata mtihani unauliza fomula. Au ninunue lile kopo lenye mdomo wa kumwagia maji?"

Jibu:

Mwalimu, pole kwa purukushani lakini kwanza nikutoe wasiwasi, mizani yako haina shida kubwa na wewe hujafundisha vibaya. Makundi sita kupata gramu 24 yote ni dalili nzuri sana. Mchawi wako ni ile silinda, na sio kwamba ni mbovu, ni kwamba imepewa kazi ndogo kuliko uwezo wake wa kuona. Na majibu uliyoyaandika hapo juu yanatosha kabisa kulithibitisha hilo bila mimi kufika darasani kwako.

Chukua kalamu tufanye hesabu kinyumenyume. Densiti ni gramu ukigawa kwa mililita, kwa hiyo gramu 24 ukigawa kwa 2.7 unapata kama mililita 9. Kundi lililopata 3 lilisoma mililita 8, lililopata 2.4 lilisoma 10, lile la 3.4 lilisoma 7 na la 2.2 lilisoma 11. Umeona? Kutoka jibu la chini kabisa mpaka la juu kabisa tofauti ya maji ni mililita 4 tu, yaani mbili kwenda juu na mbili kwenda chini kutoka kwenye 9, na mbili ni nafasi ya mstari mmoja wa silinda yako. Watoto wote hao hawajapita mstari mmoja kutoka kwenye 9! Ila kwa sababu jiwe lenyewe ni dogo, huo mstari mmoja ni zaidi ya moja ya tano ya ujazo wote, ndo maana jibu likaruka vile. Linganisha na mizani sasa, hata kama ilikosea nusu gramu, 23.5 au 24.5 ukigawa kwa 9 unapata 2.61 au 2.72, hamna kitu hapo cha kugombania. Ujazo ndo unaobeba karibu kosa lote na kila mtu huwa anaanza kwa kuishuku mizani.

Kundi la 0.4 nalo nadhani najua walichofanya. Mlianza na maji mililita 50, si ndio? Jiwe likaingia maji yakapanda mpaka 59, wao wakachukua 24 wakagawa kwa 59, inakuja 0.41. Walisahau kutoa yale maji ya mwanzo. Usiwacheke wala usiwafutie tu ukaandika jibu sahihi, maana hao ndo waliokupa swali zuri kuliko yote siku hiyo: maji yana densiti 1, kama jiwe lina 0.4 lilitakiwa lielee, mbona mmeliona limekaa chini kwenye silinda? Waulize hivyo halafu nyamaza, waache watafute wenyewe. Mtoto akizoea kuuliza jibu lake kama linaendana na alichokiona kwa macho, umempa kitu kikubwa kuliko fomula.

Sasa hizo mililita mbili zinatoka wapi. Ujazo wa jiwe hausomwi mara moja, unasomwa mara mbili, kabla jiwe halijaingia na baada, halafu unatoa. Kila usomaji una kosa lake, ukikosea mililita moja mwanzoni na moja mwishoni kwa upande wa pili tayari una mbili. Na kukosea mililita moja kwenye silinda yenye mistari kila mbili ni rahisi sana, maana 57 haina mstari wake, mtoto anakisia katikati. Anayesoma akiwa amesimama akiangalia kutokea juu anaona namba kubwa kuliko ilivyo, anayechungulia kutoka chini anaona ndogo. Kwenye silinda ya kioo uso wa maji unapinda, unapanda kidogo pembeni na kubonyea katikati, na panaposomwa ni pale chini kwenye mbonyeo. Kwenye plastiki nyingi uso unakuwa karibu bapa kwa hiyo hapo usiwasumbue sana. Muhimu ni silinda ikae mezani pasipoinama na mtoto ashuke jicho lake liwe sawa na maji, apige magoti ikibidi, asiinue silinda kuileta machoni. Jiwe lifungwe uzi mwembamba literemshwe taratibu, likitupwa maji yanaruka yananata ukutani juu ya mstari na hayo hayahesabiwi tena. Povu nalo: jiwe kavu lenye makunyanzi linashika vipovu vya hewa, navyo vinachukua nafasi, tikisa uzi kidogo vitoke.

Hayo yote yanasaidia lakini dawa yenyewe ni rahisi zaidi, usipime kitu kidogo. Weka mawe kumi ya aina moja badala ya moja. Tuseme yanatoka gramu 240 na maji yanapanda kwa 90. Watoto wakikosea mililita mbili zile zile, 240 kwa 92 ni 2.61 na 240 kwa 88 ni 2.73. Kosa ni lile lile, silinda ni ile ile, watoto ni wale wale, lakini sasa majibu yamekaa pamoja. Kwa silinda yako ya 100 mawe kumi na maji yake hayataingia najua, kwa hiyo weka matano au sita na maji kidogo ya kuyafunika tu. Na wakishapata majibu yaliyokaribiana, rudisha ubaoni yale sita ya mwanzo uyaweke pembeni, waambie waseme kwa nini safari hii hatujagombana. Hapo utakuwa umefundisha vipimo na densiti kwa mpigo.

Kwenye hili hata hadithi ya Archimedes, yule mwanahisabati wa Ugiriki ya kale aliyetakiwa kujua kama taji la mfalme ni dhahabu tupu, ina kasoro, na wanafunzi wakubwa wakubwa wanaipenda sana kasoro yenyewe. Kila mtu anajua ile ya kuona maji yakimwagika bafuni akaruka akipiga kelele amepata, kumbe aliyeiandika ni Vitruvius wa Roma, kama miaka mia mbili baadaye. Mwaka 1586 Galileo, mwanasayansi wa Italia aliyekuwa bado kijana wa miaka 22, aliandika kwamba njia ile ya maji kumwagika ni ya kukisia mno, haimfai mtu mwenye akili kama za Archimedes, lazima alipima taji ndani ya maji kwa mizani. Piga hesabu uone alikuwa na hoja. Taji la kilo moja la dhahabu tupu (densiti 19.3) lina ujazo wa kama mililita 52. Sonara akiiba sehemu tatu kati ya kumi akaweka fedha (10.5) ujazo unakuwa kama 65. Tofauti ni mililita 13 tu, na kwenye beseni lenye upana wa sentimita 20 maji yatapanda zaidi kwa chini ya nusu milimita. Nani ataiona hiyo kwa macho? Kwa hiyo chombo chembamba kila siku kinakishinda chombo kipana, mililita zile zile zinapanda juu zaidi.

Nije kwenye kopo la mdomo. Kununua nakuambia hapana, sio kwa shida hii. Ni zuri kwa kuonyesha, watoto wanaona kwa macho maji yaliyofukuzwa na jiwe yakidondoka pembeni, na kwa kitu kisichoingia kwenye silinda halina mpinzani. Lakini kwa usahihi lina ugonjwa wake, pale mdomoni maji hayakatiki vizuri, mvutano wa uso wa maji unashikilia tone, mara limeanguka mara limegoma, na kwa jiwe la mililita 9 matone machache tu yameshakuharibia. Ukilitaka litengeneze, toboa chupa kubwa ya plastiki karibu na juu, pitisha mrija umeinama kidogo kwenda chini, ziba pembeni kwa plastisini. Jaza mpaka yamwagike, subiri yaache kudondoka kabisa, ndo uteremshe jiwe. Na maji uliyoyakinga usiyarudishe kwenye silinda, yapime kwenye mizani, gramu moja ya maji ni mililita moja na kwa kazi ya darasani inatosha kabisa.

Ila kama ningekuwa na mizani yako, ningefanya kitu kingine ambacho nashangaa hakifundishwi sana. Weka bilauri pana yenye maji juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga jiwe kwa uzi, uzi ufunge kwenye rula iliyolala juu ya mirundo miwili ya vitabu kulia na kushoto kwa mizani, maana mkono unatetemeka na namba zitacheza. Jiwe literemke lizame lote lakini lisiguse chini wala ukuta wa bilauri. Mizani yako itasoma 9.

Simama hapo hapo, usiendelee. Waulize hiyo 9 ni ya nini wakati jiwe ni gramu 24 na limeshikwa na uzi, halijakalia kitu. Wengi watasema mizani imeharibika. Halafu legeza uzi jiwe likae chini kwenye bilauri, inasoma 24. Vuta kidogo libembee tena, 9. Kinachotokea ni kwamba jiwe limesukuma pembeni mililita 9 za maji, na maji nayo yanalisukuma jiwe kwenda juu kwa kani sawa na uzito wa hayo maji yaliyoondolewa, ndo ile kanuni ya Archimedes yenyewe. Lakini kani haiendi upande mmoja tu, maji yakilisukuma jiwe juu basi jiwe linayasukuma maji chini vile vile, na mizani iliyo chini inauhisi huo msukumo na kuuandika kama gramu 9. Zile 15 zilizobaki ziko kwenye uzi, zimebebwa na rula. 9 na 15 ni 24, hakuna kilichopotea. Kwa hiyo namba ya jiwe likiwa limebembea ni ujazo kwa mililita, namba ya jiwe likiwa limekaa chini ni tungamo kwa gramu, mizani moja imekupa vyote viwili na silinda haijaguswa. Gawa, 24 kwa 9, umemaliza. Na ukilitoa jiwe kabisa usishtuke mizani ikisoma hasi moja, ni maji yaliyoondoka na jiwe na uzi uliolowa.

Tahadhari mbili hapa. Mizani nyingi za jikoni zinajizima zenyewe baada ya muda mfupi na sifuri yako inapotea nayo, kwa hiyo tayarisha kila kitu kwanza ndo uwashe. Halafu baadhi zina tabia ya kufuta mabadiliko madogo ya polepole yanapotokea karibu na sifuri, zinadhani ni makosa yao, ukiteremsha jiwe kwa kunyata sana namba inaweza kubaki pale pale. Teremsha kwa mwendo wa kawaida tu. Na bado ile kanuni ya kitu kidogo ipo, mizani inayosoma gramu moja moja ikisema 9 inaweza kuwa 8.5 au 9.5, yaani densiti kati ya 2.5 na 2.8. Ni afadhali kubwa kuliko silinda, lakini ukining'iniza mawe matano kwa pamoja utafurahi zaidi.

Tugeukie maswali ya watoto, maana hayo ndo yaliyokunyima usingizi nadhani. Yule wa jiwe kuloa yuko sahihi nusu. Jiwe gumu kama granaiti halinywi maji ya maana, lakini tofali, kipande cha chungu au jiwe lenye matundu linakunywa, ndani yake kulikuwa na hewa na sasa kumeingia maji, tungamo linaongezeka na vipovu vinapanda juu mbele ya macho yako. Mpe tofali apime kavu na lililolala kwenye maji usiku mzima, aje na majibu yake mwenyewe. Mchanga ni mtego kama huo huo, ukipima mililita 50 za mchanga mkavu na kumwagia 50 za maji hupati 100, inapungua, kwa sababu kati ya chembe na chembe kulikuwa na hewa. Kumbuka hilo kabla mtu hajakuletea densiti ya mchanga kama 1.6 na kushangaa mbona mwamba ni 2.65.

Kitu ambacho darasa lako zima nadhani linakiamini kimya kimya ni kwamba kikubwa kinazama na kidogo kinaelea. Hiyo huwezi kuiondoa kwa kuisema, wanaitikia halafu wanarudi kwayo. Iondoe kwa grafu. Tungamo mhimili wa kusimama, ujazo mhimili wa kulala, karatasi moja kubwa ukutani kwa darasa zima. Kila kundi lipewe kiasi tofauti cha kitu kile kile, ningeshauri nati za chuma kuliko mawe, kwa sababu mawe ya kuokota huenda ni ya aina tatu bila wewe kujua. Kundi moja nati chache, jingine nyingi, kila kundi lichome nukta yake. Mililita 5 itakuja na kama gramu 39, mililita 10 na 78, mililita 20 na 156, nukta zinapanga mstari mmoja ulionyooka unaotoka sifuri. Kundi lililokosea litaonekana kwa mbali nukta yake imetoka nje ya mstari na wenzao ndo watawaambia, sio wewe. Halafu chora mstari wa maji, gramu 10 kwa mililita 10, gramu 20 kwa 20. Chochote kitakachoangukia juu ya mstari wa maji kitazama, kilicho chini yake kitaelea, na ukubwa hauna kura hapo kwa sababu nati moja na nati hamsini ziko kwenye mstari ule ule.

Ukitaka kuwavuruga kwa makusudi, kata kipande cha chupa ya soda ya plastiki na uchukue kifuniko chake, uliza vipi vitaelea. Watasema vyote, plastiki si nyepesi! Vitumbukize na uvisugue vipovu vitoke, kipande cha chupa kinazama na kifuniko kinaelea. Chupa ni plastiki ya aina moja yenye densiti karibu 1.38, kifuniko ni aina nyingine, kati ya 0.90 na 0.96 hivi. Hata wanaorejeleza plastiki wanatumia maji hivyo hivyo kuzitenganisha.

Sasa plastisini. Densiti ya plastisini haijabadilika, ulichokibadilisha ni umbo, na ukiumba mtumbwi kinachoelea sio plastisini peke yake tena, ni plastisini pamoja na hewa iliyo ndani ya kingo. Tuseme bonge lako ni gramu 50 na ujazo wake ni mililita 30. Likiwa bonge, likizama lote linafukuza mililita 30 tu za maji, ambazo ni gramu 30, na gramu 30 haziwezi kubeba 50, linakwenda chini. Ukilitandaza ukanyanyua kingo, linaposhuka kwenye maji linafukuza 30, 35, 40, na likifika 50 linasimama, maji yaliyoondolewa sasa yanatosha kulibeba, mradi kingo bado ziko juu. Kama mtumbwi wako unaweza kufukuza mpaka mililita 80 kabla maji hayajaingia, basi una nafasi ya mzigo wa gramu 30. Wape nati wapakie moja moja, na kabla ya kupakia kila kundi litabiri nati ya ngapi itawazamisha. Maji yakishaingia yanachukua nafasi ya hewa na hadithi inarudi kwenye 50 kwa 30. Meli za chuma zinafanya hivyo hivyo na chuma chake ni 7.8 kama nati zako, na hapo huyo mtoto usimnyamazishe kwa kumwambia densiti haibadiliki basi, mwambie ipo densiti ya plastisini na ipo densiti ya wastani ya mtumbwi mzima na hewa yake, na inayoamua kuelea ni hiyo ya pili.

Mafuta ni rahisi, yapime. Mililita 100 za maji ni gramu 100, mililita 100 za mafuta ya kupikia ni kama 92. Mtoto aliona yanavyomiminika polepole akahitimisha yana tungamo kubwa, lakini kumiminika polepole kunatokana na chembe za kimiminika kushikana zinapopishana, na hilo ni jambo jingine kabisa na kiasi gani kimepakiwa kwenye kila mililita. Asali inamiminika polepole kuliko mafuta na yenyewe ina densiti karibu 1.4, inazama chini ya maji. Kumiminika ni jambo moja, kuzama ni jingine. Ukiwa na bilauri ndefu weka asali chini, maji katikati, mafuta juu, ukimimina taratibu kupitia mgongo wa kijiko, halafu dondosha nati na kile kifuniko na kipande cha chupa uone kila kimoja kinasimama wapi. Kipande cha chupa kitapita mafuta, kitapita maji na kukalia asali, 1.38 dhidi ya 1.4 ni karibu mno kwa hiyo kama asali yako imechujuka na maji usilaumu mtu kikizama kidogo.

Kuhusu kuacha vitendo, nitakuwa mkweli, fomula ubaoni inachukua dakika kumi na vitendo vinakula vipindi viwili, na watoto hamsini na mizani moja ni vurugu. Mtoto aliyekariri tu atapata maksi kwenye swali la tafuta densiti, lakini ukimpa vitu vitatu na namba zake umuulize kipi kitaelea atagawa kinyume, ujazo kwa tungamo, na hatajua kwamba amekosea, kama ambavyo wale wa 0.4 hawakujua kosa lao. Kwa hiyo nisingeacha ila ningepunguza. Ile ya kubembeza jiwe kwenye mizani uifanye wewe mbele, wote wakitabiri namba kwenye daftari kabla hujateremsha, inahitaji mizani moja tu. Grafu ya nati makundi yaje mezani kwa zamu huku wengine wanafanya mitumbwi. Mafuta na asali ni ya dakika tano za mwisho. Fomula iandike mwisho kabisa, wakishachoma nukta, maana kwa wakati huo wao wenyewe wameshaigundua kwenye mwinuko wa mstari. Na wasisitizie kuandika gramu kwa mililita kila mara, 2.7 iliyokaa peke yake haisemi kitu, ila 2.7 gramu kwa mililita maana yake kila mililita moja ya hilo jiwe imebeba gramu 2.7. Kwenye vitabu vingine wataikuta kama kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, ni kitu kile kile.

Zebaki, kama kuna chupa yake imesahaulika kwenye kabati la maabara, usiitoe hata kwa kuonyesha chuma kinavyoelea juu yake, mvuke wake ni sumu na ikimwagika huikusanyi tena. Vipande vya risasi vya kuvulia samaki navyo acha, nati zinatosha. Spiriti inatoa tabaka zuri juu ya mafuta lakini inashika moto, kwa darasa la sita mimi singeileta.

Mizani yako ukitaka kuihakikisha, pima pakiti mpya isiyofunguliwa iliyoandikwa uzito wake, itasoma kidogo zaidi kwa sababu ya karatasi, kisha pima maji: weka chombo, sifuri, mimina mililita 100 kwa silinda yako, isome kati ya 98 na 102. Ikisoma 110 au kitu kile kile kikileta namba tofauti kila ukikirudisha, badilisha betri kwanza, bado ikiwa hivyo ndo uipeleke kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari jirani au fundi wa maabara alinganishe na mizani yake, hilo haliwezi kutatuliwa kwa maandishi. Kama mizani na silinda vikikubaliana na nati zako bado zinaleta 5 au 11 badala ya karibu 7.8, muombe mwalimu mwenzio akae nyuma kipindi kizima asifundishe, aangalie tu mikono na macho ya watoto wakisoma, kwa kawaida anayesimama mbele ndo wa mwisho kuliona kosa. Na yupo mtoto ambaye kila siku anasoma mstari tofauti na wenzake hata akipiga magoti vizuri, huyo usimhesabie uzembe, zungumza na mzazi wake apelekwe kupimwa macho.